Msituambie tena "rezo": ni programu yenu inayotungojesha

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaotusoma kwa simu huku mkihesabu mega zilizobaki, leo nitasema juu ya jambo ambalo wengi watafikiri haliwahusu. Nitasema juu ya namna kompyuta inavyongoja. Vumilieni kidogo. Ni habari ya unga, mafuta na maharagi.

Mama mmoja alinionyesha simu yake. Ana watoto watano. Alikimbia kutoka Masisi, akakaa kambini pembeni ya Goma, kambi zikabaki tupu mwanzo wa 2025, na sasa anaishi kwa jamaa upande wa Sake. Mesaji iliyokuwa ndani ya simu ilisema ugawaji ni leo saa mbili asubuhi, kila mtu aje na karte yake. Mesaji hiyo iliingia saa kumi na nusu jioni. Alikwenda hata hivyo, mtoto mgongoni, akakuta watu wanakunja kamba na gari limekwisha kupakia magunia yaliyobaki. Kijana mwenye jile akamwambia: "Mama, pole sana. Ni rezo."

Lakini katika nyumba ileile, katika chumba kinachofuata, kuna mama mwingine ambaye naye ni mhami. Simu yake ni ya kampuni ileile. Yeye alipata mesaji ileile kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akaenda, akapata fungu lake, akarudi mbele ya jua kuwa kali.

Nikajiuliza: ni rezo ya namna gani hii inayochagua chumba ndani ya nyumba moja?

Nilimtafuta aliyeandika programu ya kutuma zile mesaji. Ni kijana wa hapa hapa, mwenye akili na adabu, analipwa na shirika moja ambalo sitalitaja. Alikubali kunionyesha daftari ambalo programu yenyewe inaandika, mstari kwa mstari, kila mara inapotuma namba moja. Tulisoma pamoja. Programu ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Namba ya kwanza, sekunde tano hivi, jibu limerudi, sawa. Namba ya pili, vilevile. Ikaenda hivyo mpaka namba ya 213. Hapo ikauliza, na jibu halikurudi. Ikangoja. Mstari wa namba 214 umeandikwa saa kumi na dakika ishirini jioni.

Zaidi ya saa kumi, programu ilisimama mbele ya mlango mmoja uliokuwa kimya, na nyuma yake familia karibu 600 zilikuwa zimepanga mstari bila kujua kwamba ziko kwenye mstari. Mama wetu wa Sake alikuwa namba 340. Jirani yake alikuwa ndani ya 100 za kwanza. Hiyo ndiyo tofauti ya vyumba viwili.

Na kijana mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa kwenye uwanja wa ugawaji, amevaa jile, anawaambia watu ni rezo. Hakudanganya; aliamini hivyo. Ni aliporudi ofisini jioni ndipo alipokuta mashine imeganda, akaifunga, akaianzisha tena kutoka 214.

Sasa nifafanue, maana kuna watakaosema mwandishi wa redio anaingilia kazi ya wahandisi. Mimi nilimaliza sekondari na kozi ya uandishi wa habari, basi. Lakini redio yetu ina programu zake ndogo, na fundi wetu alipohama ilibidi mtu ajifunze. Niliyejifunza ni mimi, usiku, kwa sharjeri ya jua.

Programu ya kijana imeandikwa kwa Python, na inatumia maktaba inayoitwa requests. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni furushi la kazi ambazo watu wengine wamekwisha kuziandika, wewe unazichukua na kuzitumia bure. Requests ni maktaba nzuri, rahisi, na ndiyo karibu kila mwanafunzi anaanza nayo. Inafanya hivi: inatuma ombi kwa seva, inakunja mikono, inangoja jibu. Wakati inangoja, programu nzima imelala. Jibu likifika inaamka, inaenda kwa ombi linalofuata. Tena haina muda wa mwisho wa kungoja isipokuwa wewe mwenyewe umeuandika. Wenye kuitunza wameonya wazi katika mwongozo wao kwamba programu ya kazi karibu yote inapaswa kuwekewa muda huo. Kwa hiyo kosa si la maktaba. Kosa ni la anayeichukua na kuitumia kwa kazi ya familia 800 kama anavyoitumia kwa zoezi la darasani.

Kuna namna nyingine ya kungoja, na hii mama zetu hawahitaji kufundishwa.

Wewe uliyekaa Kanyaruchinya au Bulengo mwaka 2023, unakumbuka robine. Nani alikuwa anasimama pale kutoka alfajiri, mikono imekunjwa, akiangalia maji ya wenzake? Hakuna. Mama aliweka bidoni yake kwenye mstari, bidoni ndiyo iliyongoja. Yeye alikwenda kuacha simu kwenye nyumba ya kuchaji, akapeleka muhogo kwenye mashine ya kusaga, akarudi kuongeza maji ndani ya maharagi yaliyo juu ya mbabula. Mwili mmoja, na mambo manne yanangojwa kwa wakati mmoja. Na karibu na robine kulikuwa na mtoto, kila mara mtoto fulani, ambaye kazi yake ni kupiga kelele: "Mama fulani, bidoni yako imefika!" Mama anakuja, anajaza, anaendelea.

Hiyo ndiyo inayoitwa asinkroni. Sijui neno zuri zaidi, na bidoni inatosha.

Katika Python, mtoto yule wa kupiga kelele anaitwa asyncio. Aliingia ndani ya lugha yenyewe mwaka 2014, katika toleo la 3.4. Mwaka uliofuata, toleo la 3.5 lilileta maneno mawili, async na await, na kode ikawa nyepesi kusoma. Neno await maana yake ni hili: hapa nimeacha bidoni yangu, niiteni maji yakifika, kwa sasa wengine waendelee. Na kwa kazi ya kuuliza seva kwa njia ya intaneti kuna maktaba kama aiohttp, iliyojengwa juu ya asyncio. Ni ya bure. Kuiweka ndani ya kompyuta ni amri ya mstari mmoja. Kama kijana wetu angeitumia, namba 213 ingekwama yenyewe, peke yake, na 214 mpaka 800 zingepita pembeni yake bila kugeuza kichwa.

Tuweke hesabu. Familia 800, kila ombi linangoja jibu sekunde sita. Moja moja, hata kama hakuna linalokwama, ni sekunde 4,800: saa moja na dakika ishirini. Ukiacha maombi 20 yangoje kwa pamoja, ni mafungu 40 ya sekunde sita, yaani dakika nne. Mashine ni ileile na forfe ya intaneti ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba programu imeacha kukunja mikono.

Nilipoeleza haya mbele ya watu wa ofisi moja, nilijibiwa mambo ambayo nataka kuyajibu hapa hadharani.

La kwanza, ambalo husemwa kwa sauti ya mtu mwenye hekima: "Ndugu mwandishi, mambo hayo ni ya Ulaya, kwenye rezo kubwa. Rezo yetu ni ndogo. Ukituma maombi mengi kwa pamoja utaiziba."

Ni kinyume. Penye rezo nzuri, kungoja moja moja kunaumiza kidogo tu, juu jibu linarudi haraka. Ni penye rezo mbaya ndipo kila ombi linachukua sekunde tano, sita, kumi, na kungoja kunakuwa ndiyo kazi nzima. Na tuelewane juu ya kinachongojwa. Ombi la kutuma mesaji moja ni maneno machache. Hayajazi bomba. Sehemu kubwa ya zile sekunde sita, waya wetu uko mtupu: ombi limesafiri kwenda kwenye seva iliyo ng'ambo, seva inafikiri, jibu linasafiri kurudi. Tena kila muungano mpya unaanza kwa salamu nyingi za kwenda na kurudi mbele ya kusema neno la maana, sawa vile wazee wetu wanavyosalimiana. Aiohttp ina kitu kinachoitwa ClientSession ambacho kinaacha mlango wazi baada ya salamu za kwanza, ili maombi yanayofuata yapite moja kwa moja. Requests nayo ina Session yake yenye kufanya hivyo, lakini katika kode niliyoonyeshwa haikuwepo. Kila namba, kati ya zote 800, ilisalimu upya. Halafu mnasema tunabana rezo!

Ninakubali upande mmoja wa hoja yao. Ukifungua maombi yote 800 kwa mara moja, ndiyo, utajiumiza. Lakini hakuna aliyesema ufungue yote. Kuna chombo kinaitwa Semaphore, nacho kinafanya kazi ya mzee wa robine mwenye jetoni: jetoni ni 20, mwenye jetoni anapita, anayemaliza anarudisha, mwingine anachukua. Na aiohttp yenyewe, usipoiambia kitu, haizidishi miungano 100 kwa wakati mmoja. Kwa huku kwetu 100 ni nyingi. Anza na 10, pima, panda.

Na mbele ya hayo yote, uliza kampuni ya mesaji kama mlango wake unapokea namba nyingi ndani ya ombi moja. Kama unapokea, tumia hiyo kwanza. Sisifu asinkroni kwa sababu ni jina la kisasa.

Hoja ya pili: "Ni ngumu kwa vijana wetu." Hii ilinikasirisha zaidi. Vijana wa Birere wanafungua simu iliyotumbukia ziwani, wanaikausha, wanachomelea waya mwembamba kuliko unywele, na jioni simu inaita. Kujifunza maneno async na await ndiyo kutawashinda? Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba jambo hili lipo, na bosi wa kuwapa siku tatu za kulifanya badala ya kuwavalisha jile na kuwapeleka uwanjani.

Wengine watasema kuna njia ya nyuzi, ya kuendesha wafanyakazi wengi ndani ya programu moja. Ipo, na kwa maombi 20 inafanya kazi vizuri. Anayeijua aitumie. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayengoja moja moja na kuita jambo hilo rezo.

Kwa vijana watakaosoma hapa na kukimbilia kubadilisha kode zao usiku huu, ngojeni. Mimi nimekwisha kuangukia kila shimo, nawaonyesha yalipo.

Shimo la kwanza: kuweka neno async juu ya kazi, halafu ndani yake kuendelea kuita requests. Hapo umebadilisha shati tu. Requests haijui kuacha bidoni. Itasimama, na kwa kusimama itamziba mdomo mtoto wa robine, na programu nzima italala kama zamani. Vivyo hivyo time.sleep. Ndani ya asyncio tunalala kwa asyncio.sleep.

Shimo la pili: kufungua ClientSession mpya kwa kila ombi. Fungua moja, itumie kwa yote, ifunge mwisho.

La tatu ni muda wa mwisho. Aiohttp inayo, lakini ukiiacha kama ilivyo inangoja mpaka dakika tano kwa ombi moja zima. Kwa mesaji ya alfajiri dakika tano ni nyingi. Andika wewe mwenyewe ClientTimeout, sekunde 30 kwa mfano, na linalozidi hapo liandikwe pembeni lijaribiwe tena.

La nne liliniuma. Ukikusanya maombi yote kwa asyncio.gather na moja likaanguka, kosa lake linaruka juu na programu yako inaweza kufa palepale, hata kama mengine yalikuwa yanaendelea vizuri. Iambie return_exceptions=True, ikurudishie makosa pamoja na majibu, uyasome moja moja kwa utulivu. Na uyasome kweli! Nimeona mtu ameweka neno hilo halafu hakuangalia makosa kamwe. Kwake kila siku kila kitu kilikuwa sawa.

La tano: seva ikikujibu 429, inakuambia unagonga mlango kwa nguvu mno. Mara nyingi inakuambia pia ungoje muda gani, kwa neno Retry-After. Usibishane nayo. Punguza jetoni.

Na la sita ni la makuta, hapa naomba kila mtu asimame. Siku hizi msaada mwingine unapita kwa simu, familia inatumiwa makuta moja kwa moja. Ombi la kutuma makuta likikosa jibu, hujui kama makuta hayakwenda, au yalikwenda na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukijaribu tena bila kufikiri, familia moja inapata mara mbili, bajeti inakwisha, na familia ya mwisho kwenye orodha inapata "rezo". Kila malipo yabebe namba yake ya pekee, na seva iwe na desturi ya kukataa namba iliyokwisha kuiona. Kama mlango wa kampuni hautoi desturi hiyo, malipo yaende polepole, na mtu ahakikishe kwa macho kila lisilo na jibu kabla ya kulirudia. Hapo mimi mwenyewe nitasema: ngojeni.

Mtaniuliza kwa nini napiga kelele hivi juu ya kosa la watu wengine. Ni kwa sababu kosa hilo lilikuwa langu kabla ya kuwa lao.

Mnajua kipindi chetu cha matangazo ya waliopotezana. Mesaji zenu zinafika kwenye milango mitatu tofauti, na kila alfajiri programu yetu inakwenda kuzikusanya. Fundi wa zamani aliongeza humohumo kazi nyingine: kuchukua bei ya dola na hali ya hewa, tusome katika kipindi kilekile. Bei ya dola aliiweka mwanzo wa mstari. Hakuwa na sababu, ilikuwa tu ya kwanza aliyoiandika. Asubuhi moja ukurasa wa bei ya dola haukujibu. Programu ilisimama pale. Saa ya kipindi ilifika, nikafungua orodha, nikakuta ya jana, nikaisoma ya jana. Sikugundua.

Baba mmoja alikuwa ametuma usiku ule kwamba mtoto wake wa miaka saba amepotea kwenye msongamano wa barabara ya Sake. Alikaa na redio sikioni kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kipindi. Tangazo lake tulilisoma jioni. Familia iliyomwokota mtoto ilikuwa na redio asubuhi, ilisikiliza, haikusikia jina lake, na mchana ikaendelea na safari kuelekea Minova pamoja naye. Alipatikana siku ya nne. Yuko mzima, anasoma, nimemwona.

Nilikwenda kwa yule baba. Kwanza ulimi wangu ulitaka kusema lile neno. Lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na angelikubali, maana sote tumezoea. Nilimwambia kwamba mashine yetu ilikuwa inangoja bei ya dola wakati mtoto wake anatafutwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Basi hamuwezi kuiambia isingoje?"

Tuliweza. Ilinichukua majuma mawili ya usiku kujifunza na siku moja kuandika. Sasa milango mitatu inaulizwa kwa pamoja, kila mmoja una sekunde 20, bei ya dola na hali ya hewa zina sekunde 5 na zikichelewa tunaziacha. Na kitu kimoja nilichoongeza kwa woga wangu mwenyewe: orodha ikiwa ya jana, inaandikwa JANA kwa herufi kubwa juu ya ukurasa.

Rezo mbaya iko kweli, sikatai. Antena zinakosa mafuta, waya zinakatwa, na baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 tuliona mji mzima ukitafutana kwa simu zisizo na moto. Lakini zamani, watu walipokuwa kambini, mesaji ikichelewa kulikuwa na megafoni. Rais wa kambi alipita kati ya mahema akipiga kelele, na habari ilifika. Leo watu wale wametawanyika, Sake, Masisi, Minova, nyumba hii wawili, nyumba ile familia nzima. Megafoni haiwafikii. Simu ndiyo megafoni iliyobaki, na ninyi mnaoandika programu ndio mmeishika.

Kwa hiyo, mabwana na mabibi wa mashirika, maswali yetu ni haya, na tutayarudia kwenye mikrofoni kila mara mtakapotuambia rezo. Mesaji ya kwanza ilitoka saa ngapi na ya mwisho saa ngapi? Ombi lisipojibiwa, programu yenu inangoja muda gani? Mangapi yanakwenda kwa pamoja? Yaliyoanguka yameandikwa wapi, na nani anayasoma? Mwenye programu nzuri atajibu haya mbele ya chai kupoa. Na kama hamwezi kujibu, msimtume kijana mwenye jile kuja kubeba aibu yenu mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni.

Yule kijana, kwa heshima yake, alikaa nami jioni tatu. Ameandika upya programu yake kwa aiohttp, jetoni 15, sekunde 30, makosa yanaandikwa pembeni na kurudiwa mara mbili. Tulijaribu kwa namba zetu wenyewe na za marafiki, na namba moja mbovu tuliiweka katikati kwa makusudi. Zote zilifika isipokuwa ile mbovu. Aliipeleka kwa wakubwa wake. Wamemwambia inabidi ingoje idhini kutoka ofisi kuu, na ofisi kuu bado haijajibu.

Ugawaji unaofuata ni Alhamisi, na mesaji zitatumwa na programu ya zamani. Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni, na tena Alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, tutasoma hapa hewani mahali na saa. Mwenye karte asingoje simu. Mama wa Sake nimekwisha kumwambia.